Folda ya Mjomba Mukhisa

Kitale, 7 Julai 2024

Mjomba Mukhisa,

Salamu za nyumba nzima zinakuja na barua hii, na ukishazipokea umpe Anti Phelista nusu yake. Mama anasema mgongo umepoa tangu aache kubeba maji mwenyewe. Baba amepaka duka rangi ya samawati, sasa wateja wanapita moja kwa moja wakidhani limehama, na ukimwambia anasema watazoea. Mimi bado niko kwenye kile chumba changu karibu na Kipsongo. Asubuhi natengeneza simu za watu, mchana naandika programu.

Sasa sikia, Mjomba. Wamekubali. Kile kikundi cha wakulima cha Naitiri, cha Mama Pauline, kimekubali programu yangu ndiyo iendeshe mashine yao ya kukausha mahindi. Nilipopigiwa simu nilikuwa nimeshika kioo cha simu ya mteja, nikaruka, kioo nikakiacha hewani. Mwenyewe alikidaka, la sivyo ningekuwa nakuandikia nikiwa mafichoni.

Unakumbuka mwaka jana walivyopata taabu? Walianika kwa maturubai kando ya lami, mvua ya Novemba ikawakuta, theluthi ya mahindi ikashika kuvu wakaizika. Sasa mashine inapuliza hewa moto, kihisi, yaani kile kijiti cha chuma kinachochomekwa kwenye mahindi, kinapima unyevu, na programu yangu inasema endelea au zima. Tarehe 22 Novemba mnunuzi mmoja wa hapa Kitale atatuma mtu wake na kipimo chake. Mahindi yakiwa chini ya asilimia kumi na tatu na nusu, atanunua ya kikundi kizima msimu wote, na mashine, ambayo amewaazima tu, itabaki Naitiri. Yakizidi hapo, mashine inapelekwa kwa kikundi kingine, na wao wanarudi kwa maturubai.

Shida ni moja tu. Laptopu yangu ni ya Windows. Kakompyuta kaliko ndani ya mashine ni ka Linux, kama ile yako. Programu ni lazima ijengeke kote kuwili bila mimi kuandika mbili. Naomba uijenge kwako uone kama inakubali. Pia nakutumia kihisi kimoja, ukichomeke kwenye gunia lenu la mahindi uniambie kinasoma ngapi. Programu iko kwenye flashi, na flashi iko kwenye kiondo chini ya parachichi. Dancan wa vifurushi atakuletea. Najua ningekutumia kwa simu dakika moja, lakini wewe ndiye mwalimu wa kompyuta pekee ninayemjua ambaye anasema WhatsApp ni ya salamu na kazi ni ya barua.

Jibu haraka bana, hata chakula hakipiti.

Mpwa wako,
Waruguru


Bungoma, 29 Julai 2024

Mpwa wangu Waruguru,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Hapa tuko salama. Anti yako amenunua kuku wa kienyeji kumi na mmoja na amewapa majina wote, kwa hivyo sitegemei kula hata mmoja. Chuoni ni mitihani. Desemba wananistaafisha, lakini hayo si ya leo.

Hongera sana. Habari zako nilizipeleka chumba cha walimu, nikamwambia kila mtu, hata yule wa ushonaji ambaye hatusalimiani.

Programu imekubali. Imejengeka vizuri.

Sasa kuhusu kiondo. Unajua kwetu hatujazoea kumrudishia dada kiondo kikiwa kitupu. Anti yako amejaza ndizi. Mimi nami sikuona vyema flashi irudi vile ilivyokuja, nikakuwekea folda moja. Ndani yake kuna faili za vichwa ambazo nimekusanya tangu mwaka wa 2011, za maktaba, yaani programu zilizoandikwa tayari, za watu mbalimbali, hata za hao wanaotengeneza kihisi chako. Upande wa Linux uiweke juu kabisa ya ile orodha ya mahali programu inapotafuta vichwa, na hutasumbuka tena.

Kwa faida ya mama yako, ambaye najua anasoma barua hizi kabla yako: Nakhungu, faili ya kichwa haifanyi kazi yoyote. Ni kama ile karatasi inayobandikwa mlangoni pa zahanati. Daktari chumba cha kwanza, sindano cha pili, dawa cha tatu. Kazi inafanyika ndani, na huko ndani ni kwa watu wengine walioandika maktaba yao. Sisi tunasoma karatasi tu ndipo tujue tugonge mlango gani.

Kihisi ni kizuri.

Mimi mjomba wako,
H. Mukhisa


Kitale, 21 Agosti 2024

Mjomba,

Ndizi zilidumu siku moja na nusu, na hiyo nusu ni kwa sababu Baba alikuwa amesafiri. Mama anamwambia Anti asante. Pia anasema yeye hasomi barua za watu, ila ile karatasi ya zahanati ameielewa sana.

Folda nimeiweka juu kabisa kama ulivyosema. Jumamosi nilienda Naitiri, na Mjomba, natamani ungekuwepo. Mahindi mapya bado, kwa hivyo tulijaribu na ya zamani yaliyokuwa ghalani. Nikachomeka kihisi kwenye laptopu yangu, kumi na mbili nukta nane. Nikakichomeka kwenye kakompyuta ka mashine, kumi na mbili nukta nane. Namba ileile, mashine mbili zisizofanana hata kidogo! Akina mama walipiga vigelegele kwa sababu ya namba. Mama Pauline alinikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda, na sijainyoosha, naivaa hivyo hivyo.

Lakini hukuniambia kwako kilisoma ngapi. Uliandika ati ni kizuri. Kizuri ni ngapi?

Waruguru


Bungoma, 15 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Tumefurahi kupita kiasi. Kuku mmoja ameliwa na mwewe na nyumba imekaa matanga siku mbili. Baba yako mwambie samawati ni rangi nzuri, avumilie.

Sina mengi, nina karatasi za wanafunzi za kusahihisha. Endelea vivyo hivyo. Namba zikilingana kwenye mashine mbili, nani atakuuliza la tatu?

H. Mukhisa


Kitale, 9 Oktoba 2024

Mjomba,

Nyumbani wote ni wazima, na Mama ameanza kuvuna. Leo nitafupisha salamu, utanisamehe.

Ijumaa tulikausha mahindi mapya kwa mara ya kwanza, magunia sita. Saa tisa alasiri mashine ikasema kumi na tatu nukta mbili, ikajizima yenyewe. Nilikuwa nimeshikilia simu nikipiga picha kama mtu aliyezaa. Mama Pauline aliisoma ile namba. Alienda jikoni akarudi na chupa ya soda iliyokauka, akatia mahindi kidogo na chumvi kavu, akatikisa. Wewe unajua, Mjomba, ndivyo wanavyopima huko tangu zamani: mahindi yakiwa na maji, chumvi inashika kioo. Iligandamana kote, chupa ikawa nyeupe.

Nikamwambia pengine chumvi ndiyo ilikuwa na unyevu. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Waruguru, hii chupa haina stima, lakini haijawahi nidanganya."

Tulikausha masaa mengine matatu kwa kufuata chupa. Kwa bahati hakuna gunia lililoharibika. Lakini tungefuata mashine yangu, wangefunga mahindi mabichi kwenye magunia, na baada ya wiki mbili ni kuvu tena, safari hii kwa jina langu.

Kuna kitu natafuta. Nikikipata nitakuandikia. Wewe unaonaje?

Waruguru


Bungoma, 18 Oktoba 2024

Mpwa wangu,

Pole. Kagua waya. Kagua pia stima ya Naitiri, inapanda na kushuka. Kihisi chenyewe kinaweza kuwa kimeingia vumbi. Hata hewa ya asubuhi huko ni nzito.

Vichwa usiviguse. Hivyo nimevitumia miaka mingi na havina neno.

H. Mukhisa


Kitale, 27 Oktoba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Mama amenikataza kutuma barua hii, kwa hivyo ujue yeye hahusiki. Anasema zawadi ya khocha, ya mjomba, haisemwi vibaya, na kwamba ukinuna wewe si mchezo. Nimekaa nayo siku nne. Leo naituma kwa sababu zimebaki siku ishirini na sita.

Ni folda yako, Mjomba.

Nilijua tangu wiki ile ya chupa, nikashindwa kukuandikia. Nilikagua waya, stima na vumbi ili nisikudharau, huku najua. Watu wa kihisi walibadilisha maktaba yao mwaka juzi. Zamani namba ya pili iliyotoka kwenye kihisi ilikuwa ni unyevu wa ndani ya punje. Sasa ya pili ni unyevu wa juu juu, na wa ndani wameusukuma ukawa wa tatu. Maktaba iliyo kwenye mashine ni mpya. Kichwa ulichonipa ni cha zamani. Kwa ule mfano wako wa zahanati, karatasi iliyo mlangoni ni ya mwaka wa 2011, na sisi tunaingia chumba cha pili tukidhani kuna daktari. Hakuna anayetuzuia. Programu inajengeka bila kulalamika, inatoa namba nzuri, na namba ni ya uongo, kwa sababu mahindi hukauka juu kwanza. Yale ya ghalani yalikuwa yamekauka juu na ndani, ndiyo maana hatukuona.

Laptopu yangu inasoma sawa kwa sababu upande wa Windows sikuitaja folda yako. Upande wa Linux niliiweka juu kabisa, kwa heshima. Ningekuwa nimepewa na mtu mwingine ningeifungua na kuikagua faili kwa faili. Yako niliiweka tu, kwa kuwa ni yako, na hilo ni kosa langu mimi.

Naiondoa, Mjomba. Nisamehe. Nakuomba tu uniambie kama umenisikia.

Mpwa wako anayekupenda,
Waruguru


Kitale, 11 Novemba 2024

Mjomba,

Siku kumi na tano bila neno. Dancan anaapa kwamba barua alikupa mkononi. Anti anapokea simu anasema uko shambani, hata usiku.

Folda niliiondoa, na sasa upande wa Linux programu haijengeki kabisa. Kichwa kipya cha watu wa kihisi kinaita faili ya Windows ambayo Linux haina. Nimefikiria kukifungua nikate ile mistari kwa mkono. Zimebaki siku kumi na moja. Mama Pauline ananiuliza kila jioni, na namwambia tuko karibu.

Kama umenikasirikia, nikasirikie tarehe 23. Leo nisaidie.

Waruguru


Bungoma, 15 Novemba 2024

Mpwa wangu Waruguru,

Salamu zitangoja ukurasa wa nyuma.

Ile folda haikuwa zawadi. Mwezi wa saba niliijenga programu yako mara tisa, na mara tisa ilinikatalia, ikitaka hiyohiyo faili ya Windows inayokusumbua leo. Nilikaa mbele ya kompyuta, mimi ninayefundisha somo hilo, na sikujua la kufanya. Basi nikachukua vichwa vyangu vya zamani nikavisukuma ndani, makelele yakaisha. Nikakuandikia kwamba imekubali. Haikukubali, ilinyamaza tu. Kihisi sikukichomeka hata siku moja, niliogopa kitasema nini. Kisha nikaweka aibu yangu ndani ya kiondo nikaiita zawadi, nikijua wewe ni mtoto wa dada yangu na hutaikataa.

Barua yako ilinikasirisha siku kumi na mbili. Ya kumi na tatu nilichoka kukasirika, nikafungua kompyuta.

Sasa sikiliza vizuri. Kichwa chao usikikate. Ukikikata leo, mwaka ujao watatoa kipya na hakuna atakayekumbuka ulikata wapi. Kiache vilevile walivyokileta, ndani ya folda yake peke yake, pamoja na maktaba iliyokuja nacho, na folda uiandike namba ya toleo. Kisha andika faili yako ndogo ya kusimama katikati. Ikijikuta kwenye Windows, iite ya Windows. Ikijikuta kwenye Linux, ilete yenyewe yale majina manne tu ambayo kichwa chao kinayataka. Niliyahesabu, ni manne. Yalinipiga chenga miezi minne.

La mwisho ndilo kubwa. Futa zile orodha zako mbili za mahali pa kutafuta, andika moja, ya Windows na ya Linux iwe hiyohiyo. Na kabla programu haijajengwa, ilinganishe namba ya toleo iliyo kwenye kichwa na ile ya maktaba. Zikipishana, ikatae kujengwa na iseme kwa nini. Heri ikatae kwa makelele kuliko ikubali kimya kimya. Yote nimeyaandika na yako kwenye flashi. Usiyaamini kwa sababu ni yangu. Yafungue uyakague faili kwa faili.

Kihisi nimekichomeka jana kwenye gunia letu. Kumi na saba nukta tano. Uliniuliza tangu Julai.

Anti yako anakusalimu. Alichoka kunidanganyia.

Hesbon Mukhisa


Kitale, 24 Novemba 2024

Mjomba, Mjomba, Mjomba!

Mama ni mzima, Baba ni mzima, hata wateja wameanza kuliona duka. Niliyakagua faili kwa faili. Nilipata kosa moja dogo nikalirekebisha, usiulize ni lipi, ni dogo. Jumapili ile nikajenga kwenye laptopu, ikapita. Nikaenda Naitiri nikajenga kwenye kakompyuta, ikapita. Kisha nikairudishia kile kichwa cha zamani kwa makusudi, nione. Ilikataa palepale na kutaja namba zote mbili, na nikacheka peke yangu kwenye lile banda mpaka walinzi wakaja kuangalia.

Ijumaa mtu wa mnunuzi alikuja, anaitwa Kipchirchir, mrefu na hana maneno. Magunia mia mbili yalikuwa yamepangwa. Akachagua kumi, mengine ya chini kabisa ambayo ilibidi vijana wahamishe mlima mzima. Kila gunia alichomeka kijiti chake, nami changu. Gunia la kwanza, lake kumi na tatu nukta moja, langu kumi na tatu nukta moja. La pili zilipishana kwa nukta moja, nikataka kurudia. Akasema hiyo ni kawaida. Alipofika la kumi alifunga kipimo chake, akamgeukia Mama Pauline, akasema, "Nachukua yote, na ya Desemba pia mniwekee."

Mashine imebaki, Mjomba. Hakuna anayerudi kwa maturubai.

Waliniuliza ni nani aliyetengeneza, nikasema ni mimi na mjomba wangu wa Bungoma. Nilipoinua macho nikakuona pale langoni, na koti lako la kijivu, kofia mkononi. Nilisukumana na watu kuja kukushika. Kufika langoni, umeenda. Ulitoka Bungoma mpaka Naitiri ukashindwa kungoja hata chai? Kama bado una kinyongo na mimi, niambie wazi. Nitapanda huko nipige magoti.

Waruguru


Bungoma, 1 Desemba 2024

Mpwa wangu,

Tuko salama, na kuku sasa wamebaki tisa.

Sina kinyongo. Nilikuwa nalia, na sikutaka unione.

Nimefundisha programu miaka ishirini na tisa, Waruguru. Nimesahihisha za wanafunzi zaidi ya elfu tatu, na zote zilikuwa za kujibu mtihani. Zikishapata alama zinafutwa, tunaanza na darasa lingine. Siku ile, wewe ukiwa bado unaongea, kuna mama mmoja nisiyemjua alifungua gunia lake, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa, akaangalia kiganja chake kikavu, akaanza kucheka. Alikuwa amesimama karibu nami, hakujua mimi ni nani. Akaniambia, "Mzee, shika uone." Nikashika.

Nilikuwa sijawahi kushika kazi yangu.

Khocha wako,
Mukhisa